Ramani Iliyoipalia Printa

Printa ilitema nusu ya nyumba: sebule, ukumbi, na jiko hadi kwenye sinki, kuanzia hapo, weupe mtupu.

"Imepaliwa," binti alisema. "Baba, umeilisha nini?"

Mzee aliitazama karatasi kama mtu aliyetukanwa mbele ya wageni. Alikuwa mchora ramani maisha yake yote, na kompyuta aliisomea uzeeni, katika masomo ya jioni. Ramani hii ya nyumba ya bintiye aliichora kwa moyo wote: kila kigae, kila jani la mti wa uani. Sasa mwashi alikuwa chumba cha pili, akimalizia chai; asipoondoka na ramani, angekwenda kuanza kazi ya mtu mwingine.

"Printa haipelekewi picha," mzee alieleza. "Hupelekewa maagizo: piga mstari hapa, jaza rangi pale. Sharti iyashike yote kichwani. Na kichwa chenyewe kidogo."

"Basi tuipunguzie. Fundi hajengi majani."

Lilimchoma hilo, lakini alifuta. Majani yakaenda, vigae vikafuata. Printa ikajaribu tena, ikafika chooni, ikagoma.

"Samani nazo," binti alisema, akakivuta kipanya. Alifuta makochi, meza, kitanda chake mwenyewe. Alipofika chumba kidogo cha nyuma, mkono ulisita. Katika mazungumzo yao yote chumba hicho kiliitwa stoo. Ndani yake palikuwa na kitanda chembamba, meza ya kuchorea, na kiti kilichoelekea dirishani.

"Stoo gani hii yenye shuka?"

Mzee alijishughulisha na kupangusa miwani. Tangu mkewe afariki aliishi peke yake, na kuomba hakukuzoea.

"Nafasi ilibaki tu," alisema. "Kifute. Ukuta ukiondoka, jiko litapanuka."

Binti alifuta kitanda. Akafuta meza, akafuta kiti. Kisha akauondoa mkono kwenye kipanya. Ukuta ulibaki.

"Vyombo vyako si utahamia navyo? Ila dirisha lipanue, Baba. Macho yako siku hizi hayashibi mwanga."

Mzee alikishika kipanya, akalipanua dirisha, akalipanua tena kidogo, akaiagiza printa ichape.

"Bado tu?" mwashi aliuliza kutoka kule.

"Inatoka," mzee alimwambia, akasimama mbele ya printa, viganja wazi, kama anayekinga maji ya mvua.