Tangi Laposwa na Puti

Jana usiku niliota puti amekuja nyumbani kwangu kuposa tangi la pikipiki.

Sikushangaa. Mimi ni fundi rangi, na tangi lile liko mikononi mwangu, kwa hiyo mtu wa kuulizwa ni mimi. Ni la pikipiki ya marehemu baba yake Bi. Namkunda. Tumelisugua kutu mpaka bati likang'aa, na limebaki na vishimo vidogovidogo kama uso uliopona ndui. Karibu na mfuniko kuna nyota ambayo mzee mwenyewe aliichimba kwa tindo. Bi. Namkunda alituomba jambo moja tu: "Rangi pigeni mnayotaka, fundi, ila nikipapasa niisikie nyota ya baba."

Mwenzangu Mkwizu anataka kulipaka tangi lote puti, ule mchanganyiko mzito wa kuzibia mashimo, alisugue, limalizike. Hapo nyota itazikwa. Mimi nataka praima, ile rangi nyembamba ya awali, tabaka juu ya tabaka, mpaka vishimo vijae. Nyota ina kina, praima haiwezi kuimeza. Jana tuliachana hatujaelewana, na aliyekuwa sahihi ni mimi.

Basi puti anaingia sebuleni. Ni mnene, wa kijivu, amevaa suti na tai. Mshenga wake ni Mkwizu, ndani ya kanzu ambayo hajawahi kuwa nayo. Tangi liko chumbani na shangazi zake, ambao ni madigadi mawili.

"Tujibuni upesi," anasema puti hata kabla ya salamu. "Nimeshachanganywa na hadina."

Anayemjua puti ataelewa. Akishatiwa ile dawa yake ya kukazia, muda wake ni mfupi. Ukizubaa naye kidogo, anakuwa jiwe.

"Karibu kochini," namwambia. "Habari za huko mtokako?"

"Nzuri. Tumekuja..."

"Wazee hawajambo?"

"Hawajambo. Tumekuja..."

"Mvua zimenyesha?"

Mkwizu ananitolea macho. "Acha ujanja, wewe! Unamchelewesha mgeni."

"Kwangu hatupokei watu mbiombio," nasema. "Mama Elinami, chai!"

Mke wangu analeta chai ya moto kweli, ya kupulizwa. Puti anapokea kikombe kwa vidole ambavyo vimeshaanza kukaza.

"Na mifugo?" namuuliza.

"Mifu..." anasema puti, na taya linamkwama.

Mara hodi nyingine. Mlangoni wamesimama ndugu watatu wembamba, wamefanana, wote praima. Anaingia mmoja.

"Na wenzako?"

"Watangoja nikauke, mzee. Kwetu hatuingii wote kwa mpigo."

Anakaa. Anakauka. Anatoa msasa mfukoni, anajisugua mabega taratibu mpaka yanakuwa laini, ndipo wa pili anabisha hodi. Naye anafanya vilevile. Napenda vijana wenye malezi.

Wa tatu anapoketi, sebule si sebule tena. Ni barabara ya Same, saa saba mchana, kochi liko katikati ya lami, na malori yanatukwepa yakipiga honi za pongezi. Mke wangu anaendelea kumimina chai.

Madigadi wanamleta binti. Kwa desturi yetu, hata wakubwa wakikubaliana, mwenyewe lazima aulizwe.

"Mwanangu," nasema, "wageni hawa unawafahamu?"

Tangi linamtazama puti. Jua limeshampata. Ufa umetoka shavuni umeshuka mpaka kwenye tai.

"Huyu simfahamu," linasema. "Ananitaka ili nisionekane. Wale watatu nawafahamu. Watanifunika, na bado nitakuwa mtoto wa baba yangu."

Nililia. Sioni haya kusema. Nilimlilia binti wa bati katikati ya barabara, mbele ya Mkwizu, na madereva wakanipa pole.

"Umesikia, mshenga?" nikamuuliza nikijifuta machozi.

Mkwizu anamtikisa puti. Puti hatikisiki. Amekuwa jiwe zima, kikombe mkononi, mdomo wazi palepale kwenye mifugo.

"Sasa huyu nitamrudishaje?" anauliza Mkwizu.

"Ulivyomleta."

Namwona anachuchumaa, anambeba puti mgongoni, anasimama kwa shida na kuanza kutembea kuelekea mjini huku kanzu ikimpiga miguuni. Sikumsaidia. Nilikuwa na wakwe watatu wa kuwakaribisha.

Nikaamka kumekucha. Nilikuwa nimetulia kabisa, kama mtu aliyemaliza kikao vizuri. Nikapanga maneno ya kwenda kumshinda nayo Mkwizu gereji, maneno mazuri, ya kitaalamu. Sikuwahi kuyatumia. Simu iliita, naye ndiye.

"Umeamkaje, fundi?"

"Salama. Wewe?"

"Mimi mgongo. Hauinuki hapa kitandani, sijui nimebeba nini." Nikamsikia akiguna. "Sikia, lile tangi tulipige praima tu, kama ulivyosema. Puti sitaki hata kumwona."

"Haya. Pole kwa safari, mshenga."

"Asante," akasema Mkwizu. Wala hakuniuliza safari ipi.