Fomu ya Bwana Hinrichs

Kila siku ya kazi, saa tatu kamili asubuhi, simu ya mezani kwa Janelle Vondra, karani wa ofisi ya mbunge, ililia, naye alikishika kipokezi mbali kidogo na sikio. Alikuwa amekwisha kujifunza.

"Mwambie huyo mbunge wako ni mwizi," ilisema sauti ya Bwana Lyle Hinrichs. "Tena mvivu. Umeandika?"

"Nimeandika, Bwana Hinrichs. Nitamfikishia."

"Haya. Siku njema, binti."

Miaka sita mambo yalikwenda hivyo. Janelle aliyaingiza matusi kwenye kompyuta, kisha akajimiminia kahawa. Kompyuta haikutofautisha tusi na sifa. Ilihesabu simu tu, na kwa hesabu yake hapakuwa na mpiga kura aliyempenda Mheshimiwa Ruckert kuliko Bwana Hinrichs katika jimbo lote la uchaguzi. Kwa hiyo kila Krismasi alitumiwa kadi yenye picha ya mbunge, mke wa mbunge na mbwa wa mbunge, na chini yake maneno: Asante kwa urafiki wako. Wiki iliyofuata kadi alipiga simu mara mbili kwa siku.

Jumanne moja ya Machi saa tatu ilifika, na simu ikakaa kimya. Janelle aliinua kipokezi ahakikishe kama ni kizima. Kilikuwa kizima. Alikuwa bado amekishika wakati mlango ulipofunguliwa, akaingia mzee mrefu mwenye kofia ya kampuni ya mbegu za mahindi, bahasha ameibana kwapani.

"Wewe ndiye unayeandika?"

Aliijua sauti hiyo kabla hajaujua uso. "Ni mimi. Karibu, Bwana Hinrichs."

"Kwenye simu unasikika mtu mzima," alisema, akaketi bila kuvua kofia.

Ndani ya bahasha kulikuwa na ombi lake la pasipoti, limerudishwa kwa sababu ya picha. Kwenye picha alikuwa amevaa kofia ile ile.

"Walikwambia uivue?"

"Waliniambia. Nikawaambia mtu yeyote kaunti hii akiniona bila kofia hanijui. Sasa nina ndege kesho jioni, kwenda Lisbon, Ureno."

"Kuna nini Lisbon?"

"Nina safari."

Janelle hakuthubutu kuuliza zaidi. Alimpa fomu ya ruhusa, maana bila saini ya mwenye shida mbunge hawezi kuulizia jambo la mtu kwenye idara yoyote ya serikali kuu. Bwana Hinrichs aliandika kwa robo saa nzima, akiikandamiza kalamu kama anayechimba shimo la nguzo.

Mahali palipoandikwa "Ninaomba msaada wa Mheshimiwa Ruckert" alikuwa amelikata jina la mbunge kwa mistari mitatu. Mahali pa kueleza shida kwa maneno yake mwenyewe alijaza pande zote mbili za karatasi: kodi, bei ya stempu, daraja lililofungwa tangu mafuriko, na mbwa wa mbunge, ambaye alimwona amenenepa kupita kiasi. Lisbon haikuwamo.

Hata hivyo Janelle aliituma, kwa sababu kumwambia mtu amekosea kulimwasha masikio kwa aibu. Dakika kumi hazikupita, afisa wa pasipoti akapiga simu kutoka Chicago.

"Mpenzi, nina nafasi moja ya dharura, kesho saa nne asubuhi," alisema mama huyo. "Lakini mimi nasoma hapa habari za daraja. Dharura yenyewe iko wapi? Na nani kamkata mbunge wako? Nipe fomu safi ndani ya dakika ishirini. Baada ya hapo kuna wengine."

Janelle alikata simu, akaweka fomu mpya mbele ya mzee na kumweleza yote.

"Siwezi kumwomba yule mtu kitu," alisema Bwana Hinrichs. "Miaka sita nimemwita mwizi. Leo nimpigie magoti? Atacheka mpaka aanguke kitini."

Masikio ya Janelle yalikuwa yamekwisha kuwaka. Akaangalia saa ya ukutani, kisha akasema haraka haraka, kabla woga haujamkamata:

"Sijawahi kumfikishia hata neno moja."

"Hata lile la mwizi?"

"Hata hilo. Hakujui, Bwana Hinrichs. Maneno yako yote nimeyasoma mimi peke yangu. Na hii nitaisoma mimi na yule mama wa Chicago. Basi."

Mzee alionekana kama mtu aliyesukuma mlango kwa bega miaka sita, kumbe haukuwa umefungwa.

"Kwa hiyo nimekuwa nikikutukana wewe."

"Na kila mara ukanitakia siku njema."

Akavua kofia. Chini yake paji la uso lilikuwa jeupe kabisa, halijawahi kuona jua, na ghafla akaonekana mwenye baridi. Akaishika kalamu, akaiweka chini. Akamsogezea Janelle fomu.

"Chapa wewe," alisema. "Mimi nitasema, kisha nitie saini. Yule mama bado yupo?"

"Bado ana dakika kumi na moja."

"Andika hivi. Binti yangu Corinne anapasuliwa moyo huko Lisbon Ijumaa. Hakuniita, ni mumewe aliyeniambia. Miaka minane iliyopita nilimwambia asikanyage tena kwangu, na akanisikiliza, mtoto ambaye hakuwahi kunisikiliza. Nataka akifumbua macho anikute pale. Na jina la huyo mwizi usilifute, liache hapo hapo. Namwomba anisaidie."