Kitufe cha Sikitu wa Jikoni

Usiku wa jana nimeota nimepandishwa cheo. Niliacha kuchemsha chai ya ofisi, nikawa fundi wa tovuti ya kampuni, ile inayotumiwa na wafanyakazi wote, wanayoiita Lango.

Sikushangaa. Miaka miwili nawamiminia mafundi chai huku nawachungulia mabegani. Darasa langu la saba niliona linatosha kabisa.

Shida ilikuwa moja. Dada yangu Mwanaidi anakaribia kujifungua kule Kondoa, na likizo huombwa Langoni tu, kwa kubonyeza kitufe. Sisi wa jikoni hatujawekewa kitufe.

"Si ujitengenezee chako," ananiambia Erasto, mkuu wa mafundi. Kichwa chake ni birika, ila tai ni ile ile.

Basi nakanda unga. Nasukuma, nakata kwa mdomo wa kikombe. Napaka bizari mara tatu, nafinyafinya pembeni kama sambusa. Kitufe kinapendeza, mwenyewe nakionea wivu.

Mara jikoni kumekuwa geti la chuma. Mlinzi ni mashine ya maji ya kunywa, imevaa kofia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Jina la kitufe?"

"Likizo."

"Lipo. Hapa jina halirudiwi."

"Basi, Likizo ya Sikitu wa Jikoni."

Inagonga muhuri. "Kikae ndani ya kisanduku chake. Rangi yake isimpake jirani."

"Imeshanipaka!" anafoka jirani, kitufe cha Matangazo, anajipangusa bizari begani. "Mgeni gani huyu?"

Nakisukumia kisandukuni. Ofisi nzima imekuja kutazama. Nabonyeza. Kimya. Nabonyeza tena, kwa nguvu.

"Unanitekenya," kinasema kitufe. "Unataka nini?"

"Ufanye kazi!"

"Kazi gani? Umenipamba kama bi harusi, kazi hukunipa."

Erasto anacheka mpaka mvuke unamtoka. "Pole, dada Sikitu. Sasa umekuwa fundi kweli."

Natamani ardhi inimeze. Mapambo yote yale, na lile la maana nimelisahau! Nainama, nakinong'oneza: "Nenda kwa meneja, Mama Lyatuu. Mwambie Sikitu anaomba siku tano, dada yake anajifungua. Simama mlangoni kwake, usibanduke mpaka ajibu. Usirudi mikono mitupu."

"Sina mikono."

"We nenda tu, jamani!"

Kikabingirika ngazini, tuku, tuku, tuku. Nikaamka.

Nilijicheka peke yangu kitandani. Fundi, mimi! Nikachukua simu nitazame saa, nikakuta ujumbe wa Mama Lyatuu, wa alfajiri hiyo hiyo:

"Sikitu, siku tano nimekupa. Msalimie dada yako. Ila kabla hujasafiri pita kwangu, uje uondoe hiki kiduara chako mlangoni. Nimeshakijibu mara nne, bado kimesimama, na nyumba nzima inanukia bizari."

Nikajipiga kofi kwenye paji la uso. Kwamba kikishajibiwa kirudi, sikukiambia.