Neno Moja kwa Ajili ya Kokwijuka

Gaudiosa alikuwa fundi cherehani pale Nshamba, na mwaka wa uchaguzi alikuwa pia wakala wa chama cha upinzani katika kituo kimoja cha kupigia kura. Vurugu zilipozuka, mtandao ukazimwa na watu wakaanza kuchukuliwa majumbani mwao, alijua zamu yake haiko mbali. Akafunga duka, akaenda Ngenge kwa Kokwijuka.

Walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Kokwijuka ndiye aliyemsimamia kwenye ndoa, na mume wa Gaudiosa alipofariki, ndiye aliyelala naye mkekani wiki mbili.

"Kaa hapa waitu, ndugu yangu, hata mwezi," alimwambia, akamficha kwenye stoo ya kahawa nyuma ya jiko.

Siku ya nne asubuhi Kokwijuka alimletea ndizi na maharage, akakaa naye mpaka akamaliza, hata akamtania kwa jinsi alivyokula haraka. Haikupita saa, gari jeupe lisilo na namba likaingia kibanjani, kati ya migomba ya nyumba. Kupitia upenyo wa mbao Gaudiosa aliwaona wanaume watatu wakishuka. Hawakuuliza kitu. Kokwijuka alikuwa amesimama mlangoni, mikono kaifunga kifuani. Akanyoosha kidevu kuelekea stoo.

Gaudiosa alikaa ndani miezi mitano bila kufikishwa mahakamani. Vidole viwili vya mkono wake wa kushonea havikukunjika tena. Mwezi wa tatu akiwa humo, mama yake alifariki Bukoba, akazikwa. Gaudiosa alikuja kuambiwa na askari mmoja wa kike, wiki mbili baada ya mazishi.

Alipoachiwa, wa kwanza kuja kumwona alikuwa Kokwijuka, na mkungu wa ndizi kichwani. Alilia sana.

"Sijui nani alikuuza, Gaudi. Najiuliza kila siku."

"Yaishe, Koku," Gaudiosa alisema, akamkumbatia.

Hapo hapo, machozi ya mwenzake yakimlowanisha bega, akaamua. Hatamwambia mtu. Atangoja.

Alingoja mwaka na zaidi. Alikwenda Ngenge, akala mezani kwa Kokwijuka, akasali naye Jumapili benchi moja. Wakati mwingine alikitazama kile kidevu kikitafuna, akajishangaa jinsi moyo wake ulivyotulia.

Siku moja Kokwijuka alikuja dukani, akavuta kiti.

"Nagombea uenyekiti wa chama chetu cha ushirika wa kahawa. Mzee Gamaliel ana watu wengi kuliko mimi. Lakini wewe, kwa yale yaliyokupata, kila mtu anakuamini. Njoo mkutanoni unisemee neno moja tu."

"Nitakuja," Gaudiosa alisema.

Ghala la chama lilijaa. Privatus, mume wa Kokwijuka, alikuwa benchi la mbele katika koti lake la harusi. Gaudiosa alipoitwa, watu walipiga makofi kabla hajafungua kinywa.

"Kokwijuka ameniomba nieleze jinsi ninavyomfahamu," alianza. "Mnajua nilikamatwa. Hamjui nilikamatiwa wapi. Nilikuwa stooni kwake. Alinilisha asubuhi, kisha akawaonyesha nilipo. Nilimwona kwa macho yangu. Huyo ndiye mnayetaka kumkabidhi kahawa yenu."

Kokwijuka alisimama.

"Walisema wangemchukua Privatus! Walinipa mpaka saa nne. Ningefanya nini, Gaudi?"

"Ungeniambia. Ningetoka mwenyewe, nikawangojea barabarani. Badala yake ulikaa ukanitazama nikila."

"Niliogopa."

"Na mimi niliogopa miezi mitano. Mama yangu alizikwa sipo."

Privatus aliinuka polepole. Alimtazama mkewe kama mtu asiyemfahamu, akatoka nje. Kura zilipopigwa, hakuna mkono hata mmoja uliopanda kwa Kokwijuka.

Msimu huo hakupata mtu wa kumchumia kahawa, ikaiva, ikadondoka. Wanawake wa jumuiya wakaacha kumpitia wakienda sala. Privatus, ambaye kwa ajili yake yote yalitendeka, alihamia kwa kaka yake, akasema hawezi kulala na mtu anayeuza wageni wake. Kabla ya mwaka kwisha, Kokwijuka alikuwa Kemondo, kando ya ziwa, akianika dagaa kwa kibarua.

Gaudiosa alisikia habari hizo moja moja, na kila moja aliipokea kwa hamu. Lakini kulikuwa na jioni ambazo jambo la kuchekesha lilitokea dukani, akajikuta anatafuta wa kumsimulia, asimpate. Jioni hizo zilimwongezea hasira. Hata hilo Kokwijuka alikuwa amemnyang'anya.

Mwezi uliopita alipanda gari mpaka Kemondo. Hakuwa na shughuli yoyote huko. Alimkuta Kokwijuka ameinama juu ya chanja la dagaa, amekonda, kanga imefifia. Akasimama mbele yake mpaka yule akainua uso.

Walitazamana. Upepo wa ziwa ulileta harufu ya samaki.

"Umekuja kuniona nilivyo," Kokwijuka alisema.

"Ndiyo."

"Nilikukosea, Gaudi. Nimeomba toba kwa padri, nakuomba na wewe. Umetosheka sasa?"

Gaudiosa alifikiri. Alitaka kumjibu ukweli.

"Bado," alisema, akageuka kurudi barabarani.