Nitafute Majini

Mtaani wananiita Mama Mwanga kwa sababu ya taa za studio yangu. Mama mkwe wangu ananiita Kichaa wa Maji, na siku hizi ananiita hivyo kwa mapenzi.

Sababu ni mfereji. Nyuma ya studio pana mfereji wa zege unaopeleka maji kwenye bustani za mboga, na ng'ambo yake kuna ukuta mrefu ambao wachora mabango wameujaribia rangi zao miaka nenda miaka rudi. Jua la asubuhi likiupiga ule ukuta, rangi zote zinaangukia majini. Nyekundu inakatika vipande, bluu inainyemelea, kijani kinajinyonganyonga mpaka unacheka peke yako. Mimi hulala kifudifudi pale ukingoni, viwiko kwenye tope, kamera jichoni, napiga picha maji. Wateja wa pasipoti wananisubiri ndani wakinung'unika. Wanung'unike!

Jumamosi hiyo wifi yangu alikuja macho mekundu. Kesho yake alikuwa anasafiri kwenda kufanya kazi mbali, na alitaka kitu kimoja tu: picha akiwa na mama yake. Rahisi, sivyo? Thubutu! Tangu ugonjwa umvute mdomo na jicho la kushoto, mama mkwe hajakaa mbele ya kamera. Siku ya harusi yangu mwenyewe alijificha jikoni. Kioo cha sebuleni alikishusha akakisukumia nyuma ya kabati. Ukimbembeleza anakwambia, "Nipige kisogo, hicho hakijapinda."

"Wifi, fanya lolote," aliniambia. "Nitaondokaje bila mama yangu?"

Nikamwendea mama mkwe. "Mama, leo sipigi watu, napiga maji. Vaa lile gauni lako la manjano, usimame tu ukingoni. Nataka rangi."

"Uso wangu hautaonekana?"

"Utaonekana kama uji uliokorogwa."

"Haya. Ila ukinidanganya, utanitambua."

Akaja! Nikawapanga ng'ambo, migongo ukutani: yeye katikati, wifi na gauni la zambarau, mume wangu na shati jekundu la maua. Mama na binti wakashikana mikono. Nilikuwa na furaha mpaka nikasahau kutoa kifuniko cha kamera.

Sasa, mume wangu ni fundi bomba, na ana ugonjwa mmoja: akiona maji yanakwenda bila ruhusa yake, mkono unamwasha. Mimi nahangaika na kifuniko, yeye kajichomoa, kaenda kwenye kilango cha mfereji pale chini, kateremsha ubao. Nia njema kabisa! Alidhani maji yakisimama, picha itatoka safi.

"Yametulia, mke wangu! Piga!"

Yalitulia kweli. Na mama mkwe, aliyekuwa ameinama kutazama gauni lake majini, akajiona. Mdomo ule, jicho lile, waziwazi. Akauachia mkono wa bintiye. Akageuka na kuanza kuondoka, wifi akabaki kanyoosha mkono mtupu.

Nikapaza sauti: "Fungulia maji, wewe mwanamume! Fungulia!"

"Si nimekusaidia..."

"Nimesema fungulia!"

Akauvuta ubao kwa nguvu zake zote. Ubao ukachomoka, yeye akaangukia matako mferejini, chubwi, na shati lake la maua. Maji yakaondoka kwa fujo. Mama mkwe akasikia mayowe ya mwanawe, akarudi mbio ukingoni, akatazama chini.

Kumbe chini ni vurugu tupu. Zambarau ya wifi ilikuwa na shingo tatu. Yule fundi wangu alipojikokota na kusimama tena mahali pake, wekundu wake ulitawanyika kila upande, na kichwa kikawa kinaelekea bustanini bila yeye.

"Mtazame huyo!" mama mkwe akasema. "Pua imehamia sikioni!" Kicheko kikamtoka, kikamkamata, akashika mbavu. "Na mimi je? Mimi ni yupi?"

"Ile manjano, mama! Ile inayokata kiuno!"

"Mungu wangu! Kumbe wote tumepinda!" Akamvuta bintiye, akamkumbatia kwa mikono miwili. "Piga, kichaa wewe, piga kabla huyu hajaziba tena!"

Nikapiga, nikapiga. Nilicheka hadi machozi, na hata leo sijui kilichotikisika zaidi ni maji au mimi.

Wifi aliondoka na picha yake mkobani. Nyingine, kubwa, mama mkwe ameitundika sebuleni kwenye msumari wa kile kioo, ameigeuza juu chini ili tusimame kwa miguu. Mgeni akiingia, hata chai hajapewa, anaburutwa mpaka pale. "Haya, nitafute."

Mgeni anainamisha kichwa huku, anakiinamisha kule, anaonyesha zambarau. Mama mkwe anacheka, anaweka kidole juu ya manjano. Kisha anamgeuzia mgeni uso wake wote, pale pale dirishani penye mwanga.

"Mimi huyu hapa," anasema.