Safu Tatu Katika Mihogo ya Jale

Kila asubuhi, saa moja na nusu, Jale alioga juu ya jina la mume wa Hawah. Saruji iliyong'olewa kaburini ilikuwa nzuri, haitelezi, naye alikuwa ameilaza sakafuni mwa bafu lake la mabua, jina likitazama juu kwa sababu upande wa pili ulikuwa na mashimo. Hawah alipita nje ya ua na ndoo yake ya maji, akasikia maji yakimwagika, akamlaani. Jale akajibu, "Asante, mama," akaendelea kujisugua kisigino.

Ugomvi wenyewe haukuwa na fumbo. Mwaka 1980 askari walipoingia Koboko wakitafuta familia za jeshi la serikali iliyopinduliwa, Hawah, mjane wa Koplo Asumani, alikimbilia Zaire na alichoweza kubeba kichwani. Alikaa huko miaka sita. Aliporudi alimkuta jirani yake Jale ndani ya nyumba yake, ameshaongeza na jiko. Sasa, kwa watu wa pale hakuna hati ya ardhi inayoshinda kaburi: ulikowalaza wafu wako ndiko kwako. Baraza la kijiji likamwambia mama aonyeshe makaburi. Akaonyesha, na palipokuwa na makaburi palikuwa na mihogo. Wazee wale wale waliokula wali wa matanga ya Asumani pale pale waliitazama mihogo, wakatazamana, wakasema hawaoni kaburi. Hawah akapanga chumba nyuma ya msikiti. Nyumba angeweza kuisamehe, nyumba ni matofali. Alichotaka ni kuzikwa siku yake ikifika kando ya mumewe, mama mkwe wake, na binti yake Medina aliyechukuliwa na surua akiwa na miaka minne. Hakutaka kulazwa kwenye makaburi ya serikali, kati ya watu asiowajua.

Mwaka 1992, mvua za kwanza ziliponyesha, vyura wa wilaya yote walihama. Mabwawa ya Ajia yalikaa kimya. Huko Vurra dereva mmoja wa lori alisimama robo saa kuwapisha wavuke barabara, kisha akaendelea na safari yake ya chumvi. Walitembea siku tisa. Siku ya kumi, Jale alipotoka bafuni, aliwakuta katika mihogo yake, bega kwa bega, wamepanga safu tatu: mbili ndefu na moja fupi. Wote walikuwa wameelekea kibla.

Jale aliwafagia. Hata hajautundika ufagio, wakawa wamerudi mahali pao. Akamwaga majivu, wakakaa juu ya majivu. Akang'oa mihogo yote, na hapo ndipo safu zikaonekana vizuri hata kwa mtu aliyesimama barabarani.

"Kelele ya chura haikatazi ng'ombe kunywa maji," alimpigia Hawah kelele juu ya ua.

Methali haikuwa na kosa, ila vyura wale hawakupiga kelele. Walikaa tu. Watu walikuja kutazama, wakasema ni wengi, wakarudi kwenye shughuli zao. Mwenyekiti wa kijiji, Lokule, alikuja na baiskeli yake, akazunguka shamba mara moja.

"Hii iko kaburi tatu," akasema. "Hii ya Asumani, hii ya mama yake, hii ndogo ya mtoto. Mimi mwenyewe nilishika jembe ile siku."

"Basi sema hivyo kwa baraza," Hawah akamwambia.

"Mama Hawah, chura hawezi kuapa. Na kama leo tunasikia chura, kesho nani atabaki kwa nyumba yake?"

Lokule mwenyewe alikuwa akilala katika nyumba ya mtu ambaye bado alikuwa Sudan, na nusu ya baraza ilikuwa hivyo hivyo. Alipanda baiskeli akaenda. Hawah alimtemea mate mgongoni, yakamfika.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawah aliwaza kwamba kama wa nyumbani wameona na wamenyamaza, basi atafutwe mtu wa kalamu, aone na aandike. Aliamini kwamba kilichoandikwa na mtu wa ofisi hakifutiki. Akapanda lori hadi Arua, akauliza habari za binti mmoja wa misheni ya Ediofe, Helen, aliyesoma kwa masista kisha akasomea vyura Kampala. Helen alikuwa amezunguka mabwawa tangu mvua za kwanza na daftari, na katika kila ukurasa alikuwa ameandika sifuri.

"Mimi najua kwenye wanakaa," Hawah akamwambia. "Kuja uhesabu. Uhesabu kila mutu."

Helen alifika kesho yake. Alipoziona safu alipiga magoti matopeni, akalia kwa sauti. Hawah naye akalia, akamshika bega, akidhani kwamba hatimaye kuna mtu anayemlilia Medina.

Helen alihesabu hadi adhuhuri. Walikuwa elfu moja mia nne na sita. Halafu akafungua fomu, akauliza, "Mwenye shamba ni nani?"

"Mimi," akasema Jale.

"Yeye," akasema Lokule, aliyekuwa amerudi.

"Uongo!" Hawah alipiga kelele. "Hao nakaa juu ya mutu yangu! Angalia vile wanaangalia kibla! We si mutoto wa hapa? Huoni?"

"Naona, mama," akasema Helen, akipokea fomu kutoka kwa Jale. "Nimezaliwa hapa, kaburi nalijua. Lakini vyura wanakwisha kila mahali, si kwetu tu, na hawa ndio tuliobaki nao. Ukipewa hii ardhi utajenga, watu watakuja kusoma dua, watakanyaga. Jale amekubali kutolima tena. Ameweka sahihi."

"Na mimi?"

"Wewe ndiye uliyeleta habari. Jina lako litaandikwa."

Likaandikwa kweli, pembeni, na Hawah akaombwa kuweka dole gumba. Aliweka. Alikuwa ametoka hadi Arua kutafuta maandishi, na haya ndiyo yaliyokuja.

Waya ulizungushwa shambani mwezi wa sita. Jale alipewa kofia, buti za mpira na kazi ya ulinzi, naye akaifanya vizuri, haki yake asinyimwe: aliwafukuza kunguru, akakataza watoto kurusha mawe, na hakuna chura hata mmoja aliyekufa mkononi mwake. Helen alikuja kila mwezi kuhesabu na kurudi Arua na uso mkunjufu.

Siku ya Idi Hawah alikuja langoni, amevaa kanga mpya. Jale alifungua kitabu cha wageni.

"Unakuja kufanya nini?"

"Kusalimia mume yangu."

Jale alipitisha kidole kwenye ukurasa, bila ubaya. "Hiyo hakuna kwa kitabu. Iko kuangalia vyura tu."

"Andika vyura."

Akaingia, akasimama nyuma ya kamba, akasoma Fatiha. Vyura walimsikiliza. Walikuwa wameongezeka, na wale wapya walikuwa wameanza safu ya nne, upande wa kulia wa Asumani, yenye urefu wa mwanamke wa kimo cha kadiri. Hawah aliitazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Walikuwa wamempimia sawasawa, hata kile kibega chake cha kushoto kilichoinama walikuwa wamekikumbuka.

"Jale," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu 1986 hakumtukana. "Siku mimi nakufa, utafungua hii waya?"

Jale alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena.

"Mama, hapa kuchimba hakuna ruhusa," akasema, akamgeuzia kitabu aandike saa ya kutoka.