Barua Iliyonuka Mandazi

Fedha za serikali za kupambana na magenge ya mpakani zilipofika Bwera, mji wa Uganda ulio mpakani na Kongo, zilileta pikapu mpya, askari wapya kutoka Kasese, na kisanduku cha bati chenye kufuli. Kisanduku kikatundikwa nje ya kituo cha polisi. Mwenye siri ya wezi aiandike, aitumbukize, asiweke jina. Basi Bwera nzima ikapata kazi moja: kuchungulia nani atakuwa wa kwanza. Watu wa boda waliegesha pale hata wasipokuwa na abiria, macho kwenye bati.

Medius, mama aliyekaanga mandazi ng'ambo ya barabara, alichungulia kuliko wote, na yeye alikuwa na sababu. Mdogo wake, Nobert, alikuwa akificha pikipiki za wizi katika ghala lake la kahawa kabla hazijavushwa Kongo. Medius alikuwa ameziona kwa macho yake, moja ikiwa na damu kwenye kiti. Alitaka Nobert akamatwe angali hai, kabla watu wenye hasira hawajamfikia. Lakini mwaka uliopita Umaru fundi alimnong'oneza askari mmoja jina la mwizi, na kabla jua halijazama genge lilikuwa mlangoni kwake. Umaru alihama na nguo alizovaa. Siri ya Medius ingevuja, genge lingedhani Nobert ndiye aliyewauza kupitia dada yake, na wangemuua.

Sasa hawa wapya ni wapya kweli, au ni wale wale waliobadilishiwa kofia? Swali lilimwasha kama upupu. Siku ya tatu akapata wazo la ajabu: akajishtaki mwenyewe. Aliandika kwamba Medius wa mandazi anaficha injini za wizi chini ya magunia nyumbani kwake. Maneno hayo yakirudi midomoni mwa watu, atajua askari wanavujisha. Akaenda kuitumbukiza barua huku akijifanya anafukuza mbuzi ukutani.

Alitega masikio siku nne. Hakuna aliyemtazama kwa jicho la pembeni. Nobert naye, alipokuja kunywa chai, alikuwa na udadisi ule ule wa mji.

"Dada, iko mutu alishatia barua mule?"

"Iko. Ni mimi."

Nobert alicheka mpaka chai ikampitia puani.

Siku ya tano tangu barua ile, pikapu ikasimama nyumbani kwa Medius. Akashuka afande Acan, mwanamke wa kaskazini mwenye sauti ya chini, na askari wawili na mwenyekiti wa kijiji. Walimwonyesha karatasi ya ruhusa, wakatoa magunia nje, wakafukua sakafu ya udongo, wasione kitu. Medius alisubiri yale aliyoyazoea, kuku apotee, gunia lipungue. Badala yake askari mmoja akaomba ufagio. Akafukia shimo, akafagia, akarudisha magunia moja moja. Askari wa serikali, jamani, na ufagio mkononi! Medius hakujua acheke au alie.

Acan alibaki nyuma wenzake walipokwenda garini.

"Mama, ile barua ilinuka mandazi," alisema taratibu. "Nilisoma mimi tu. Ya pili, nawa mikono kwanza."

Medius alinawa kwa sabuni mara mbili. Kesho yake asubuhi barua ya pili ilikuwa ndani ya kisanduku.

Saa sita mchana Nobert alikuja, akakaa kwenye benchi lile lile. Medius akamchagulia andazi kubwa, akamjazia chai. Alimpenda siku hiyo kuliko siku zote, na roho ilimuuma vibaya. Nobert bado alikuwa akicheka habari ya dada yake kupekuliwa.

"Lakini dada, ni nani alikuandika vile?"

"Ni mimi," alisema Medius. "Na ya leo pia."

Nobert akaanza kucheka tena, kisha akamtazama dada yake usoni, na kicheko kikamwishia. Ng'ambo ya barabara pikapu ilikuwa imeshawashwa. Hakukimbia. Aliweka kikombe chini akalia, na Medius akaketi kando yake, akamshika mkono mpaka Acan alipofika.